Kopo Lisilo na Moto

Nimekosa, na kosa lenyewe ukiliangalia halina hata sura ya kosa. Sikuiba, sikumpiga mtu, sikulala na mke wa mtu. Nilibeba kopo ambalo halina moto ndani. Basi, ni hilo tu. Ukinisikiliza mpaka mwisho utaniambia adhabu yake ni ipi, maana mimi nimeitafuta zaidi ya mwaka sijaipata.

Jina langu sitaliandika, na majina ya wengine nimeyabadili. Naishi Murusagamba, Ngara, huku ambako gazeti likifika huwa limeshafungiwa maandazi. Naandika nikijua kwamba wengi wa kwetu hawataiona habari hii gazetini. Ndiyo maana nimepata ujasiri, kama huu unaweza kuitwa ujasiri.

Kazi yangu ni kutengeneza urwagwa, pombe ya ndizi. Migomba yangu haitoshi, kwa hiyo nanunua mikungu kwa watu. Na huku kwetu mwenye shamba hakukatii. Anakuonyesha, chukua ule na ule, kisha anarudi kwenye maharage yake. Unakata mwenyewe kwa panga lako. Leo unakata kwa huyu, kesho kwa yule, kesho kutwa ng'ambo ya mto. Panga langu limepita mashamba mengi kuliko bwana shamba mwenyewe.

Sasa kuna ugonjwa wa migomba, mnyauko. Majani yanageuka njano na kulala, ndizi zinaiva zingali changa, ukizipasua ndani ni kahawia. Panga likigusa mgomba mgonjwa kisha likagusa mzima, umeshauhamisha ugonjwa. Tulifundishwa wote: kabla ya kugusa mgomba mwingine, pitisha panga kwenye moto. Kila mgomba, kila mara.

Mimi nilikuwa na kopo kuukuu la rangi. Nililitoboa matundu ubavuni, nikatia makaa, nikalining'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Nikifika shambani napuliza, nachomeka panga mpaka lishike moto, nangoja lipoe, nakata. Kisha tena. Watu waliniita Baba Jiko. Ilikuwa kero, sitakudanganya. Mikungu sita inakula asubuhi nzima, na wenzangu wasio na kopo wameshakata kumi na kuondoka. Lakini nilifanya hivyo kwa miaka, na Bibi Anastazia alinipendea hilo.

Bibi Anastazia ni mjane, jirani yangu. Mumewe alimwachia shamba la migomba iliyoshikana mpaka ukiingia mchana unasikia ubaridi. Shamba hilo ndilo lililomlisha na kumsomeshea watoto. Binti yake wa mwisho, Leokadia, ameolewa Nyarubungo, kule Biharamulo, na mwanamume anayeitwa Deo. Ndizi zake Bibi aliniuzia mimi tu. Wengine wakija aliwaambia, "Nina mtu wangu, anatembea na moto wake."

Yote yalianza na mchezo. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza kwamba watafiti wamekuja na wanataka wakulima wa migomba shuleni Jumamosi, kuna mchezo. Watu wazima na mvi zetu tunaitwa mchezoni! Tulikwenda kwa kucheka. Tukamkuta dada mmoja mpole, mtafiti, na mwalimu wa pale shuleni akiwatafsiria wazee kwa Kihangaza.

Kila mtu alipewa kikombe chenye punje sitini za maharage. Dada akatia vizibo vya chupa kwenye mfuko wa kitambaa mbele ya macho yetu, kumi na tisa vyeupe na kimoja cheusi, akautikisa. Akasema kila zamu ni sawa na kukata mkungu mmoja. Ukitaka kuchoma panga unatoa punje moja. Hutaki, hutoi. Kisha unaingiza mkono mfukoni na kutoa kizibo. Kikiwa cheupe, salama. Kikiwa cheusi na ulilipa, salama vilevile. Kikiwa cheusi na hukulipa, wanachukua punje thelathini. Kizibo kinarudishwa, mfuko unatikiswa, tunaendelea mpaka zamu thelathini. Punje zitakazobaki unabadilisha kwa sabuni, chumvi na sukari.

Zamu ya kwanza nililipa. Cheupe. Ya pili nikalipa. Cheupe. Mpaka ya sita nimetoa punje sita na cheusi sijakiona. Nikaanza kusikia uchungu wa zile punje. Utanicheka, punje za maharage, na nyumbani nina nusu gunia. Lakini ziliniuma. Zamu ya saba nikasema ngoja nijaribu. Cheupe. Ya nane, cheupe. Basi sikulipa tena, na mpaka mwisho mkono wangu haukukutana na kile cheusi hata mara moja.

Bibi Anastazia aliketi kushoto kwangu. Yeye alitoa punje yake kila zamu, taratibu, kama anayetoa sadaka. Nikamtania, "Bibi, unalipia mvua ambayo haijanyesha."

"Wacha nilipe, mwanangu," akasema. "Nikishalipa nimetulia."

Alimaliza na punje thelathini, mimi hamsini na nne. Nilitoka na sabuni na sukari mpaka mfuko unanielemea. Yeye alipata chumvi na kipande cha sabuni. Njia nzima nilikuwa namcheka, naye anacheka pamoja nami, hana kinyongo. Nikikumbuka kicheko changu cha siku ile najichukia.

Hakuna aliyeniambia niache moto. Hilo nataka ulielewe, nisije nikamsingizia mtu. Lakini Jumatatu nilipolitazama lile kopo nilizikumbuka punje zangu sita. Mke wangu akaniona natundika kopo kwenye baiskeli bila kwenda jikoni.

"Makaa huweki leo?"

"Nimechoka kulipa bure," nikamjibu.

"Sasa kopo la nini?"

Kopo lilikuwa la kuonwa na watu. Wateja wangu walinijua kwa kopo, na Bibi Anastazia zaidi ya wote. Bila kopo wangeuliza. Nilipiga hesabu yangu vizuri: watu wanaona kopo wanatulia, mimi nakata haraka, na hakuna anayesimama nyuma yangu kuchungulia kama ndani kuna kaa la moto au jivu. Mke wangu aliguna akarudi kwenye sufuria yake.

Siku ya kwanza nilikuwa na haya. Nilikata nikigeuka nyuma, kama nakata kwa wizi. Siku ya pili haya zimepungua. Kufikia saa nne nilikuwa na mikungu kumi. Wiki ikapita, hakuna kitu. Mwezi, hakuna kitu. Kila nikirudi nyumbani najiambia moyoni, cheupe. Nilifika mahali nikaanza kuwacheka hata wataalamu, nikisema wanapenda kututisha wakulima ili wapate cha kufanya.

Lakini kuna jambo ambalo shuleni halikuwepo. Kule ukitoa kizibo unakiona papo hapo. Shambani unakata leo, na jibu linakuja baada ya wiki kadhaa, pengine miezi. Huenda cheusi nilikitoa siku ya tatu tu, nami nikaendelea kujisifu, cheupe, cheupe. Mpaka leo sijui ilikuwa siku gani, wala ugonjwa ulianzia kwenye mgomba wa nani. Hata nikitaka kurudi pale nilipokosea, sijui ni wapi.

Maharage yalikuwa yanatoa maua Bibi aliponiita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kitu."

Alinipeleka katikati ya shamba. Kulikuwa na mkungu mchanga, na kati ya vidole vile vya kijani viwili vitatu vimegeuka njano. Nilichuma kimoja nikakipasua kwa kisu. Ndani kilikuwa kahawia. Nilikifumba kiganjani kabla hajakiona.

"Ni jua," nikamwambia. "Mwaka huu jua limezidi."

"Jua," akarudia, akiutazama mgomba. "Haya. Wewe ndiye unayejua ndizi."

Siku ile ulikuwa mgomba mmoja. Tungeukata tukaufukia, tukaangalia na wa jirani yake, pengine shamba lingepona. Nilijua. Lakini ningeanzaje? Ningesema ni mnyauko, angeuliza umetoka wapi, na kopo liko pale kwenye baiskeli, baridi. Nikasema ngoja nione wiki hii. Kisha nikasema ngoja nione ijayo. Nilianza tena kutia makaa, kila siku, tena mengi, lakini hayo yalikuwa makaa ya kumpasha moto mfu.

Shamba lilikwenda kwa kasi. Leo majani matatu, kesho upande mzima. Na mashamba mengine matatu niliyokuwa nakata yakaanza kuonyesha, ingawa hayo yalikatwa na wengi, kila mtu akamshuku mwenzake. La Bibi lilikatwa na mimi peke yangu.

Bwana shamba alikuja, akapasua mashina, akaonyesha usaha wa njano unavyotoka. "Mnyauko," akasema. "Hauna dawa, mama. Ni kukata yote na kufukia, na usipande mgomba hapa mpaka nitakapokuambia." Bibi alikaa chini juu ya majani makavu. Hakulia. Aliuliza tu kama angeweza kubakiza ile michache iliyo karibu na kaburi la mumewe, akaambiwa hapana.

Leokadia na Deo walikuwa wamefika kusaidia. Leokadia alikuwa mjamzito. Tuliporudi uani Bibi akakalia kigoda chake, na majirani walikuwa wamejaa. Bwana shamba akasema ugonjwa huu hauji wenyewe, unaletwa na panga au na mche. "Nani amekuwa akikata hapa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, kopo mkononi. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi yangu, niliufungua. Lakini Bibi aliwahi.

"Anakata huyu peke yake," akasema, akinionyesha. "Na huyu hutembea na moto wake. Mwangalieni, hata leo amekuja nao."

Watu wote wakalitazama kopo. Lilikuwa linafuka moshi vizuri. Nikaufunga mdomo.

"Basi ni mche," akasema bwana shamba. "Kuna miche iliyotoka nje ya hapa?"

Macho yakaanza kumwendea Deo, moja moja. Mwaka uliotangulia alikuwa amemletea mama mkwe wake miche kumi ya mbegu nzuri kutoka shambani kwake Nyarubungo, akaipanda kwa mikono yake upande wa chini. Zawadi ya mkwe. Bibi aliisifia kijiji kizima.

"Shambani kwangu hakuna ugonjwa," Deo akasema. "Mkitaka njooni muone."

Kwetu mkwe hagombezwi mbele za watu, na Bibi ni mtu wa heshima. Aliinuka, akakigeuza kigoda chake, akampa mgongo. Nimesikia watu wakitukanana matusi ya kila aina, lakini tusi kubwa kama mgongo ule sijaliona. Leokadia alishika tumbo akamtazama mama yake, kisha mumewe, kisha ardhi.

Kazi ya kukata nilipewa mimi. "Kata wewe, mwanangu," Bibi akasema. "Mkono wako nauamini." Nilikata siku tatu. Kila mgomba nilichoma panga, katika shamba ambalo kila kitu kinakufa. Watu walipita wakisema, huyu mtu ni mwangalifu kweli.

Miche ya Deo niliiacha mwisho. Nilipopasua shina la kwanza lilikuwa jeupe pe. La pili jeupe. Yote kumi meupe, hakuna usaha, hakuna doa. Ugonjwa ulikuwa haujafika kule chini. Deo mwenyewe alikuwa amesimama juu, kando ya nyumba, mikono nyuma, anatazama upande wangu. Kutoka pale asingeweza kuona. Ningemwita tu. Ningesema, shemeji, njoo uangalie. Badala yake nilichukua jembe nikaifukia haraka haraka kabla mtu hajashuka.

Kubeba kopo tupu lilikuwa kosa la mtu mvivu. Lakini kuifukia ile miche, hilo nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Deo na Leokadia walirudi Nyarubungo kesho yake asubuhi. Leokadia alijifungua salama, mtoto wa kike. Kwetu binti akijifungua mama yake huenda kumwona mtoto, na haendi mikono mitupu. Urwagwa wa ndizi za shamba lake ndio unaotangulia, watu wa upande ule wanywe wajue mtoto ana kwao. Bibi hakwenda. Nikamwambia, "Bibi, nitakutengenezea mtungi mzima, usinipe chochote, na nitaubeba mwenyewe mpaka kule."

"Wa ndizi za nani?" akaniuliza. "Niwapelekee ndizi za kuokota, wakati zangu wamezimaliza wao?"

"Mtoto hana kosa, bibi."

"Najua hana," akasema. Akaanza kuchagua maharage kwenye ungo, na macho yake yamejaa maji. Nilikaa pale mpaka alipomaliza ungo wote, kisha nikaaga.

Mwaka ulipozunguka, wale watafiti walirudi. Shule ile ile, vikombe vile vile, dada yule yule. Nilimwahi nje kabla ya mchezo nikamuuliza, "Dada, ule mchezo mlitaka tujifunze nini?"

Alinitazama kidogo. "Kaka, hatukuja kuwafundisha," akasema. "Tulikuja kuangalia mtu anajifunzaje mwenyewe, akirudia rudia."

"Kile kizibo cheusi kilikuwemo kweli?"

"Kilikuwemo. Niliwaonyesha nikikitia, hukumbuki?"

Nilikumbuka. Nilikiona kwa macho yangu kikiingia. Ila kwa kuwa mkono haukukikuta, nikakaa kama mtu ambaye hajawahi kukiona. Nilitaka kumwambia yaliyotokea, lakini alikuwa anaitwa ndani, na mimi kwa kunyamaza sasa nimekuwa fundi.

Tukaketi. Bibi Anastazia alikuja akaketi kushoto kwangu kama mara ya kwanza. Zamu ya kwanza mimi nililipa. Nikasubiri mkono wake utoe punje. Haukutoa. Aliingiza mkono mfukoni hivi hivi. Cheupe. Zamu ya pili, hakutoa.

"Bibi," nikamnong'oneza, "leo hulipi?"

"Nilipe cha nini, mwanangu?" Alisema kwa sauti ya kawaida tu, bila hasira. "Si wewe ulikuwa unanichomea panga kila mgomba, miaka yote? Mimi nililipiwa kuliko mtu yeyote hapa. Shamba liko wapi? Ukilipa janga linakuja, usipolipa linakuja."

Sikiliza vizuri hapo. Mwanamke huyu alikuwa na akili kuliko sisi wote mle darasani. Nilimwibia shamba, kisha nikamwibia na akili yake. Alichofundishwa na uongo wangu ni kwamba uangalifu hauna maana. Ningemwambia, bibi, hukulipiwa, mimi ndiye sikulipa, angekuwa na haki ya kunitemea mate, lakini angerudi kuwa yeye. Sikumwambia.

Zamu ya nne alitoa cheusi. Mwalimu akahesabu punje thelathini kutoka kwenye kikombe chake. Bibi akacheka kidogo. "Umeona?" akaniambia. "Hata huku."

Mimi nililipa zamu zote thelathini na sikuona cheusi. Sabuni niliyopata nilimpa yeye. Akanibariki, akasema watu kama mimi wamebaki wachache.

Mwezi uliopita nilikwenda Biharamulo kutafuta ndizi, maana kwetu za kununua zimekuwa adimu. Bibi alisikia, akaniletea kitenge kilichokunjwa vizuri ndani ya mfuko. "Kampe mwanangu ambebee mtoto," akasema. "Usimpe mumewe mkononi." Nilipanda gari, nikapanda jingine, mwisho pikipiki, mpaka Nyarubungo.

Deo alinipokea kama ndugu. Nilikuta migomba yake imesimama, kijani kibichi, hakuna jani la njano. Leokadia alikipokea kitenge akakinusa, akaingia nacho ndani na hakutoka kwa muda. Mtoto alikuwa ameanza kusimama dede, anashika benchi, anaanguka, anashika tena. Wakanipikia. Deo ni mtu wa kusoma. Ana boksi la magazeti makuukuu chini ya meza, na hata karatasi iliyofungiwa chumvi anainyoosha aisome kwanza. Tulipomaliza kula akanisindikiza mpaka njiani.

"Kaka," akasema, "wewe ndiye uliyeikata ile miche yangu. Nataka kukuuliza kitu kimoja, na sitakuuliza tena. Ilikuwa inaumwa?"

Hakuna mtu aliyewahi kunifungulia mlango namna ile. Swali limenyooka, tuko wawili tu, pikipiki bado haijafika. Neno lenyewe ni moja, hapana. Mtoto wa chekechea angelitamka.

"Sikuangalia vizuri," nikasema. "Nilikuwa nimechoka."

Alitikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema. "Nilifikiri pengine uliangalia." Akanishukuru kwa kuleta kitenge.

Ndugu yangu, sikuambii uwe mtakatifu. Nakuambia kidogo nilichojifunza, na nimekilipia kwa mali ya mtu mwingine. Jambo unalolifanya kila siku na huoni faida yake, usiliache kwa sababu tu hasara haijakugusa. Na ukishakosea, sema siku ile ile, ungali mgomba mmoja. Mimi nilingoja, na sasa kila siku ninayoamka nikanyamaza hakuna linalotokea. Jua linachomoza, watu wananisalimia. Nimerudi kwenye mchezo ule ule, na sijui jinsi ya kutoka.

Kopo langu sasa linawaka kila siku, hata nikienda kukata mkungu mmoja. Nikipita kwa Bibi, yeye hunionyesha kwa wageni wake. "Mnamwona yule? Yule haachi moto wake." Pale palipokuwa na migomba amepanda mihogo, na anaipalilia peke yake.

Nimesema majina nimeyabadili. Ni kweli, yote. Nilipokuwa naandika nilifikiria kulibadili na kopo, niseme ndoo, au niseme jiko, mtu asije akanitambua. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Nikalikumbuka lile boksi la magazeti chini ya meza ya Deo.

Kopo nimeliacha kama lilivyo.